Kirusi Kilichochagua Sura

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: Kemilembe, mwalimu wa kompyuta katika kituo cha ufundi pale Nkwenda, alikuwa amefungua disketi ambayo mchumba wake Placidius alimwapisha asiiguse maishani. Ndani yake zilikuwamo picha za watoto waliopotezana na wazazi wao katika mbio za kutoka Rwanda mwaka tisini na nne. Pembeni yake aliketi Nyirabageni, mama wa Kinyarwanda anayelima kibarua katika migomba ya watu huko Songambele. Mama huyu aliomba jambo moja tu, aone kama sura ya binti yake imo. Tulipoachana, sura zilikuwa zimeanza kufutika kwenye kioo.

Ziliendelea kufutika.

Mtoto mwenye kofia ya sufu akatoweka. Mapacha walioshikana mikono wakatoweka. Kila sura ilikatika vipande, ikawa kijivu, kisha pakabaki pengo. Mwisho kioo kizima kikawa cheusi na mashine ikaganda.

Nyirabageni alishika ukingo wa meza. "Mwalimu, zima."

"Sizimi."

"Inawamaliza."

"Iache imalize. Iache mpaka ishibe."

Mama yule akadhani mwalimu amerukwa na akili. Alimtazama Kemilembe, akatazama kioo cheusi, akaanza kufunga kanga yake kiunoni tayari kuondoka. Kemilembe akamshika mkono.

"Mama, ukinunua mbuzi mnadani, unamwingiza zizini na wenzake siku hiyohiyo?"

"Siwezi. Anafungwa kando kwanza."

"Kwa nini?"

"Akiwa na homa, afe peke yake."

"Basi kompyuta uliyoiona ikifa ni ile niliyoifunga kando. Nimeijenga ndani ya hii kubwa. Ina diski yake, ina saa yake, inajiona ni kompyuta kamili na haijui kwamba kuna nyingine inayoizunguka. Kirusi nacho hakijui. Kimekula zizi la bandia kikidhani kimemaliza kijiji."

Akabonyeza. Kile kioo cheusi kikajikunja kikawa dirisha dogo tu, na nyuma yake ikaonekana kompyuta yenyewe, nzima, haina hata mkwaruzo. Programu ile ya kujenga kompyuta ndani ya kompyuta alipewa na kaka yake anayesoma Dar es Salaam, ikiwa bado mpya duniani, na hakuna mtu mwingine Nkwenda aliyejua kwamba kitu kama hicho kipo. Placidius naye hakujua.

Sasa programu ikamuuliza kama atunze yaliyotokea humo ndani au ayatupe. Akayatupa. Kompyuta ya ndani ikaamka upya kama ilivyokuwa kabla ya sumu, na watoto wote wakarudi mahali pao. Mtoto mwenye kofia akarudi. Mapacha wakarudi, mikono imeshikana.

Nyirabageni akakaa chini tena.

"Nitakiacha kirusi kitafune tena," Kemilembe akasema. "Safari hii nataka kuona kinavyokula."

Akakiacha kikala. Akayatupa yote, akarudisha, akakiacha kikala tena. Hapo ndipo alipoliona jambo. Kirusi cha kawaida ni kama panya aliyeingia kwenye gunia la maharage, anaanzia popote mdomo ulipofika. Hiki hakikuanzia popote. Kabla hata picha moja haijajitokeza kwenye kioo, kilikuwa kimeshaingia ndani kimyakimya kikafuta picha moja, ileile kila mara. Baada ya hapo ndipo kilipogeukia nyingine, ovyoovyo.

Akaichukua picha ile akaificha mahali pengine kabisa katika kompyuta ya ndani, kisha akakifungulia mlango. Kirusi kikazunguka. Hakikugusa mtoto mwingine yeyote. Kikatafuta chumba kwa chumba mpaka kikaipata, kikaifuta, ndipo kikawarudia wengine.

"Hiki hakina njaa," akasema polepole. "Hiki kimetumwa."

"Kimetumwa na nani?"

Kemilembe akageukia kibodi. Alirudisha kila kitu kwa mara nyingine, na safari hii hakukifungulia kirusi. Akaifungua picha ile peke yake.

Picha ilishuka taratibu kutoka juu, kama pazia linaloteremshwa. Nywele zilizonyolewa. Paji la uso. Macho mawili makubwa yasiyocheka. Kovu dogo juu ya mdomo.

"Kantengwa," akasema Nyirabageni.

"Joviana," akasema Kemilembe.

Walisema kwa pamoja, kila mmoja jina analolijua. Kisha wakatazamana.

"Huyu ni binti yangu Kantengwa," mama akasema. "Alianguka kwenye jiwe la kusagia, nikamshona mwenyewe hapo mdomoni. Nani Joviana?"

Kemilembe alikuwa bado anaitazama picha. Alikuwa anakumbuka Jumapili mbili alizokwenda Nyakakika kumtembelea Mama Eustadia, mama yake Placidius, mkwe wake mtarajiwa. Alikumbuka msichana mwembamba aliyemmwagia maji mikononi akiwa amepiga magoti. Alikumbuka sahani ya ebitoke, ndizi zilizochanganywa na maharage, laini, yenye harufu ya samli, na jinsi alivyokula akaongezwa. Alikumbuka pia alivyomsifu Mama Eustadia kwa kupika vizuri, na Mama Eustadia alivyozipokea sifa hizo huku msichana akiokota masufuria.

Akatoka nje, akainama nyuma ya kibanda cha jenereta, akatapika. Alitapika mpaka kikabaki kitu kichungu cha kijani, na bado alihisi ladha ile ya samli kooni.

Aliporudi alikuwa amefuta mdomo kwa kiganja. Akachukua disketi mpya, akahamishia humo picha ile peke yake, bila kile kirusi, akampa Nyirabageni.

"Ifiche."

Mama akaichomeka ndani ya blauzi yake.

"Joviana," Kemilembe akasema, "ni mtoto anayechota maji nyumbani kwa mama wa mchumba wangu."

Mlango ukafunguliwa kabla hajaeleza zaidi.

Placidius aliingia akitabasamu, kofia ya pikipiki mkononi, viatu vinang'aa kama siku zote. Alikuwa kijana wa kupendeza. Akina mama wa kwaya walikuwa wakimtolea mfano kwa watoto wao. Alifanya kazi ya kutunza kompyuta katika ofisi iliyokuwa inatafuta watoto waliopotea, na ofisi ile ilipofungwa ndiye aliyepewa jukumu la kuandaa disketi za picha na kuzisambaza makanisani.

"Mpenzi, nimesikia jenereta inaunguruma nikasema…"

Akaiona sura kwenye kioo. Tabasamu likabaki palepale mdomoni, limesahauliwa.

"Shikamoo mama," akamwambia Nyirabageni, kwa mazoea tu.

Nyirabageni hakuitikia. Katika nchi hii, msomaji, unajua uzito wa mama kutoitikia shikamoo.

"Placidius," Kemilembe akasema, "huyu ni nani?"

"Sijui. Wako wengi. Nilikwambia disketi hiyo ni mbovu."

"Anaishi kwenu."

"Wanafanana hao."

"Wanafanana mpaka kovu?"

Placidius alivuka chumba kwa hatua chache, akanyakua ile disketi ya zamani iliyokuwa mezani, akaivunja vipande viwili juu ya goti lake. Kisha akainama akang'oa waya wa umeme ukutani. Kioo kikafa.

"Basi," akasema, akihema kidogo. "Yamekwisha."

Kemilembe hakusogea. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga gizani na sasa amewasha taa.

"Picha moja ikikosekana watu wangeuliza," akasema. "Kila mtoto alikuwa na namba yake. Kwa hiyo ukaona afadhali zipotee zote. Watu wamlaani kirusi, wasikuulize wewe. Umewafuta watoto wa watu wote, Placidius, ili kumficha mmoja."

"Hujui unachosema."

"Kanisa gani limeweza kuifungua ile disketi? Kila aliyejaribu, kompyuta yake ilikufa. Wengine wakaogopa, wakazifungia kabatini. Akina mama wanakuja kuomba wanaambiwa zina ugonjwa."

"Mama alikuwa anaumwa mgongo." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza kwa nini amechelewa kazini. "Nilipewa mtoto kambini nimtunze kwa muda mfupi. Mama akamzoea. Nani angechota maji? Nani angepalilia? Mimi niko kazini kutwa. Na kwani amekufa? Wenzake wangapi wamekufa? Huyu anakula, analala ndani."

"Anasoma?"

Placidius akatupa ncha ya waya sakafuni.

"Anasoma shule, Placidius?"

"Ni kiherehere cha nini? Mama yake hakuwepo. Alitokea lini? Sisi tumemlea."

Nyirabageni alisimama. Alikuwa mfupi, hakumfikia mabegani.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikuja kwenye ofisi yenu. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango. Ulinipa kiti, ukanipa na maji ya kunywa, ukaniambia hakuna."

Placidius alitazama viatu vyake.

Hilo la maji ndilo lililommaliza Kemilembe. Alivua pete ya uchumba. Hakuitupa wala hakumkabidhi. Aliiweka juu ya vipande vya disketi, akafuta kidole kwenye sketi yake, akarudia kukifuta kana kwamba kina mafuta yasiyotoka.

"Toka," akasema.

"Utajuta. Huyo mama hana hata kibali cha kuishi hapa, unajua hilo?"

Akatoka. Pikipiki ikawaka, ikaelekea barabara ya Nyakakika.

Walijua anakokwenda. Wakakimbilia sokoni, wakapata lifti kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka mbegu za maharage upande huo. Njia nzima Nyirabageni hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Ni mnene au amekonda?"

Kemilembe alitaka kudanganya. Akashindwa.

"Amekonda."

Nyumba ya Mama Eustadia ilikuwa ya bati jipya, katikati ya migomba iliyopaliliwa vizuri sana. Kemilembe aliiona palizi ile kwa jicho jingine sasa. Hakuna jani kavu, hakuna gugu. Alikuwa ameisifia hiyo pia.

Pikipiki haikuwepo. Mama Eustadia alikuwa amekaa barazani, amevaa gauni la kanisani, mgongo umenyooka. Alimwona Kemilembe akafurahi kwa dhati.

"Karibu mkwe wangu. Waitu mwanangu, mbona hukutuma habari?" Akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. "Chukua akamwani."

"Shikamoo mama. Sitatafuna."

Mkono wa mama ukabaki hewani. Kukataa kahawa ya mwenyeji barazani kwake ni tusi, na wote watatu walilielewa.

"Joviana yuko wapi?" Kemilembe akauliza.

"Kisimani. Unataka maji ya kunawa?"

"Sitaki maji. Nimemletea mama yake."

Mama Eustadia akamtazama Nyirabageni kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni iliyojaa vumbi mpaka kwenye kilemba.

"Yule hana mama," akasema. "Mama yake ni mimi. Nilimkuta ana chawa, ana funza miguuni, hajui hata kuomba. Nimembatiza. Nimempa jina la Kikristo. Mungu ananiona."

"Alikuwa amebatizwa," Nyirabageni akasema.

"Sikukuuliza wewe."

Nyirabageni hakubishana naye tena. Aligeukia migomba, akaita kwa lugha yake. Aliita jina moja, refu, kama wanavyoita watu wa milima ile kutoka kilima kimoja hadi kingine.

Akaita tena.

Msichana akatokea kwenye kichochoro cha shamba, dumu la maji kichwani, gauni limepauka mpaka halina rangi. Alisimama. Hakukimbia kuja, hakukimbia kwenda. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kizibo cha jani la mgomba, yanampita shavuni, naye hakuyafuta.

"Kantengwa," mama yake akasema.

Msichana akajibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyezoea kukatazwa lugha nyingine.

"Walikuonyesha picha yangu."

"Nani?"

"Bibi huyu aliniambia. Kaka Placidius alikuonyesha picha yangu, ukaitazama, ukasema huyu si wangu, sina nafasi ya kulea." Akalishika dumu vizuri. "Mbona sasa umekuja?"

Kemilembe akamgeukia Mama Eustadia. Wamemnyima shule, wamemnyima jina, hayo yote alikuwa ameshayapokea kichwani njiani kwenye pikapu. Hili la kumpandia mtoto moyoni kwamba mama yake amemkana, ili asitamani kutoroka, hili hakuwa amelifikiria. Na aliyelitunga alikuwa amekaa pale barazani, kikapu cha kahawa mapajani, rozari shingoni.

Nyirabageni alitia mkono kwenye blauzi akatoa disketi. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Picha yako nimeiona leo. Leo asubuhi, mbele ya mwalimu huyu. Kabla ya leo sikuonyeshwa chochote. Muulize."

"Ni kweli," Kemilembe akasema. "Ilikuwa imefichwa kwa makusudi. Mama yako alipoiona alitaja jina lako kabla picha haijamaliza kufunguka. Akaniambia kuhusu jiwe la kusagia."

Msichana akagusa kovu lake.

Halafu akalishusha dumu. Alilishusha taratibu, kwa uangalifu, lisimwagike, maana mikono yake haikujua kulishusha kwa namna nyingine. Akasogea hatua moja. Nyirabageni akamfikia, akaanza kumpapasa mabega, mikono, vidole, kama anayekagua kama vyote vimo.

"Mambo mazuri haya," ikasema sauti nyuma yao.

Placidius alikuwa anasukuma pikipiki yake kuingia uani. Hakuwa peke yake. Alikuja na mtendaji wa kijiji, Bwana Kaijage, mtu mzima mwenye miwani, na mgambo wawili wenye virungu.

"Ndiye huyu mtendaji," Placidius akasema, akimnyooshea Nyirabageni kidole. "Hana kibali. Ameingia hapa kumwiba mtoto wa mama yangu. Na huyu mwalimu ndiye aliyemleta, ana hasira na mimi kwa sababu nimevunja uchumba."

Alisema uongo ule bila kupepesa macho. Kemilembe akajiuliza ni mangapi ameyasema hivyo, kwa sauti hiyohiyo, chini ya mti wa maua nje ya kanisa, akiwa amemshika mkono.

Bwana Kaijage alivua miwani akaifuta.

"Mama, una kibali?"

"Sina," akajibu Nyirabageni.

"Basi utafuatana nasi. Sheria ni sheria. Mtoto atabaki hapa mpaka tujue ni wa nani."

Mgambo mmoja akasogea. Placidius akapumua. Mama Eustadia akachukua punje ya kahawa akaitupia mdomoni, akaanza kuitafuna.

"Mtendaji," Kemilembe akasema, "muulize mtoto mwenyewe."

"Mtoto anajua nini?" Mama Eustadia akadakia. "Joviana, rudi jikoni."

Mguu wa msichana ukatangulia kutii. Ulipiga hatua kabla yeye hajaamua. Kemilembe aliuona mguu ule na hakuusahau. Kisha ukasimama.

Bwana Kaijage naye alikuwa ameuona. Akavaa miwani yake.

"Binti, njoo hapa. Usiogope. Unaitwa nani?"

"Mwambie, Joviana," akasema Placidius, kwa upole.

Msichana alimtazama Placidius. Akamtazama Mama Eustadia. Akamshika mama yake mkono.

"Naitwa Kantengwa," akasema. "Huyu ni mama yangu. Kama anakwenda, niandikeni pamoja naye, popote mnakompeleka."

Nyirabageni akafumba macho. Kirungu cha mgambo kikashuka chini chenyewe. Placidius akabaki anageuza funguo za pikipiki kidoleni.

Na ingeishia hapo, msomaji, Kemilembe angerudi Nkwenda akaoga akalala. Lakini Kantengwa alikuwa bado hajamaliza.

"Ila siwezi kumwacha yule mdogo," akasema. "Wageni wakija huwa wanamfungia. Jina lake hatulijui, maana alikuja bado hajui kuongea."

"Mdogo yupi?" akauliza Bwana Kaijage.

Mama Eustadia aliacha kutafuna.

Mtendaji hakungoja jibu. Aliondoka barazani akaizunguka nyumba, mgambo na wengine wote nyuma yake, mpaka kwenye jiko la udongo lililojitenga kule mwisho wa ua. Lilikuwa na mlango mmoja tu wa mbao nzito. Mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa nje.

Bwana Kaijage akaweka sikio lake kwenye mbao, akasikia pumzi ya mtoto. Kisha akageuka, uso umembadilika rangi, akanyoosha kiganja kwa Mama Eustadia.

"Ufunguo," akasema.